Ukianza sheria ya biashara ya kimataifa, anza na mkataba mmoja

Wadogo zangu mnaoingia chuo mwaka huu, najua mtakimbilia kesi kubwa za mahakama ya Umoja wa Ulaya iliyoko Luxembourg. Zisomeni. Ile ya Cassis de Dijon ya 1979, Ujerumani ilipozuia kileo cha Ufaransa kwa kuwa hakikufika asilimia 25 ya ulevi, itakufunzeni soko la Ulaya vizuri sana. Lakini somo langu kubwa nililipata Paje, kijiji cha kwetu Zanzibar, juu ya mkeka, kwa akina mama wanaotengeneza sabuni ya mwani.

Walikuwa wamepata mnunuzi wa Hamburg. Mkataba una kurasa nne, umeandikwa CIF Hamburg, yaani bei ina bidhaa, bima na nauli ya meli mpaka Hamburg. Nimetoka chuo na alama nzuri, nikawaambia: mzigo ukizama njiani hasara ni yenu, kwani nyinyi ndio mnaolipa meli na bima mpaka Hamburg. Bimkubwa mmoja akaweka kidole kwenye karatasi. "Mwanangu, mbona bima tulipe sisi, na wa kulipwa aandikwe mnunuzi?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikasoma Incoterms, kanuni za kimataifa zinazoeleza maana ya herufi kama CIF, neno kwa neno. Kwenye CIF muuzaji hulipa nauli na bima, lakini hatari humtoka mzigo ukishapakiwa melini, huku huku kwetu. Baada ya hapo ni ya mnunuzi, ndiyo maana bima ni yake. Kesho yake nilirudi Paje kuwaomba radhi.

Ibara ya mwisho ilichagua sheria ya Ujerumani. Hapo pana mtego: Ujerumani imo kwenye Mkataba wa Vienna wa 1980 wa mauzo ya bidhaa kimataifa, na ukichagua sheria yake, mkataba huo unakuja nayo mpaka muutoe kwa maneno bayana. Tanzania haimo, Uganda imo. Na pangekuwa hapana ibara hiyo? Mahakama ya Ujerumani ingefuata Rome I, kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kuchagua sheria ya nchi gani itawale mkataba, ambayo kwa mauzo ya bidhaa huelekeza sheria ya kwao muuzaji. Jaji wa Hamburg angelazimika kuuliza sheria ya mikataba ya Zanzibar inasemaje! Biashara ya nje ni jambo la Muungano, lakini sheria ya mikataba tunayo yetu. Isomeni kwa bidii ile ile.

Tangu siku hiyo kila ibara naitafsiri Kiswahili kwa sauti, mbele ya mwenye mali. Ikinishinda kuitafsiri, najua sijaielewa, hata niwe nimeinukuu kwenye mtihani.

Sabuni, kwa sheria ya Ulaya, ni kipodozi. Kanuni namba 1223 ya 2009 inataka awepo wa kuiwajibikia aliyeko ndani ya Umoja wa Ulaya, na jina na anwani yake viwemo kwenye lebo. Mkataba haukumtaja. Tulimwandikia mnunuzi, akakubali kuwa yeye. Bimkubwa alitaka nimsomee ibara hiyo mara mbili ndipo akatia saini.