Maiki mbili, lakini sauti ya gitaa inakonda

Swali: Assalaam aleikum, fundi. Nimepanga chumba Kuze, Mji wa Kale, na nataka kurekodi gitaa kavu mwenyewe. Nina maiki mbili ndogo za kondensa, zile zinazohitaji umeme, na kadi ya sauti ya kuziunganisha na kompyuta. Moja naielekeza kwenye tundu la gitaa, nyingine naiweka juu ya bega langu. Ile ya tundu inavuma kama ngoma, na nikizichanganya zote mbili sauti inakonda kuliko moja peke yake. Je, nimeuziwa maiki mbovu?

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kwa unavyoeleza, maiki zako ni nzima. Shida ni mahali unapoziweka, na hilo utalirekebisha leo bila kutoa hata shilingi.

Wengi hudhani sauti ya gitaa hutoka tunduni. Sehemu kubwa hutoka kwenye ubao wa mbele unaotikisika. Tundu hupumua hewa ya ndani, na hewa hiyo huvuma yenyewe karibu na hezi 100, yaani mitikisiko 100 kwa sekunde, ambayo ni karibu sawa na uzi mnene ukibanwa freti ya tatu (freti ni vile vyuma vya kukata shingo ya gitaa). Ndiyo maana kila ukipiga noti hiyo, G, besi inaruka. Basi ondoa maiki hapo. Ielekeze freti ya 12, sentimita 25 hadi 30 kutoka kwenye nyuzi, halafu isogeze kidogo kidogo. Kama una rafiki, apige yeye nawe uvae hedifoni. Ukiwa peke yako, rekodi vipande vya sekunde ishirini, na kabla ya kila kipande itaje sehemu ya maiki kwa mdomo, ili baadaye usikisie.

Sasa hiyo ya kukonda. Katika joto letu la digrii 30, sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde, yaani sentimita 35 kwa milisekunde moja. Tuseme maiki ya bega iko mbali zaidi na gitaa kwa sentimita 35. Wimbi lile lile linaifikia likiwa limechelewa milisekunde moja, na kwenye hezi 500 kuchelewa huko ni nusu ya wimbi: maiki moja inapanda, nyingine inashuka, zinalana. Hezi 500 ni jirani kabisa na uzi wa pili ukibanwa freti ya 12, kwa hivyo unapoteza katikati ya sauti yenyewe. Zinalana tena hezi 1500, tena 2500, na kuendelea.

Mimi ningekushauri uanze na maiki moja mpaka ikuridhishe. Ukitaka upana wa kushoto na kulia, weka vichwa vya maiki zote mbili mahali pamoja, kimoja juu ya kingine, vikipishana kwa digrii 90. Sauti itavifikia kwa wakati mmoja na hapatakuwa na kulana. Halafu sikiliza kwa njia moja, mono, kwa sababu simu nyingi za wasikilizaji wako zitapiga hivyo.

Chumba nacho kina maneno yake. Kuta za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa ni nzuri kwa macho, ila hurudisha sauti kwa nguvu. Usikae pembeni kabisa, kona huongeza besi. Wala usikae katikati hasa. Simamisha godoro nyuma yako, tandika jamvi na zulia sakafuni, fungua kabati la nguo. Zima feni na friji. Tuktuk na honi huwezi kuzizima, basi rekodi usiku baada ya isha, mtaa ukishatulia.

Kwenye kadi ya sauti, washa umeme wa volti 48, maana kondensa haifanyi kazi bila huo. Chagua ubora wa biti 24, na mapigo makali zaidi yaishie karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, kile kikomo ambacho sauti ikikipita inapasuka.

Jambo la mwisho ni la pwani. Unyevu wetu huingia kwenye kondensa na kuifanya itatarike kama mafuta ya moto. Usiziache kwenye stendi usiku kucha. Zirudishe kwenye kisanduku kinachofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.