Aleji ya maziwa kwa mtoto mchanga: angalia saa, nepi na ngozi

Mtoto mchanga akilia jioni nzima, huku Moshi na Arusha majibu huwa tayari: ana chango, hashibi, kapatwa na jicho. Siku hizi limeongezeka jingine, aleji ya maziwa, na wapo akina mama wanaoacha kunyonyesha kwa sababu ya kilio tu. Kilio peke yake hakithibitishi aleji. Watoto wengi wenye afya hulia zaidi wakikaribia wiki ya 6, kisha hutulia kufikia mwezi wa 3 au wa 4. Kucheua baada ya kunyonya nako ni kawaida, mradi uzito unapanda.

Aleji hii ni mwili wa mtoto kupambana na protini ya maziwa ya ng'ombe. Haihusiani na sukari ya maziwa (laktosi), kwa hiyo maziwa ya kopo yasiyo na laktosi hayamsaidii. Protini bado imo. Kuyachemsha au kuyagandisha hakuiondoi. Maziwa ya mbuzi, ambayo majirani huyasifia sana, yana protini zinazofanana mno na za ng'ombe, na watoto wengi wenye aleji hii hudhurika nayo vilevile.

Kitu cha kwanza cha kuangalia ni saa. Kuna aleji ya haraka: ndani ya dakika chache hadi saa 2 baada ya maziwa, mtoto anatoka vinundu vinavyowasha, midomo au kope zinavimba, au anatapika ghafla. Akianza kupumua kwa shida, kutoa mluzi kifuani au kulegea, hiyo ni dharura. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Na kuna ya kuchelewa, ambayo hujitokeza baada ya saa kadhaa hata siku 2 au 3. Hii ndiyo inayosumbua watu kuitambua, maana maziwa yaliyonywewa Jumatatu hayakumbukwi tena Jumatano.

Nepi ina habari nyingi, basi ikunjue mahali penye mwanga wa mchana. Choo cha mtoto anayenyonya huwa cha njano, laini, chenye punjepunje. Rangi ya kijani peke yake isikutishe. Kinachotiliwa shaka ni kamasi inayovutika, na ndani yake nyuzi nyembamba za damu, zinazojirudia siku hadi siku kwa mtoto ambaye vinginevyo anaonekana mzima. Damu iliyo juu ya choo kigumu mara nyingi hutoka kwenye mchubuko wa njia ya haja kubwa. Damu pamoja na homa na kuhara inaashiria maambukizi. Choo chekundu kama jeli kwa mtoto anayelia kwa vipindi na kujikunja kinaweza kuwa utumbo umejiingiza ndani ya utumbo, na matapishi ya kijani yanaweza kuwa dalili ya utumbo kuziba. Hayo mawili hayasubiri kesho.

Kwenye ngozi, vitabu vingi huandika "wekundu", lakini kwa mtoto mweusi wekundu hauonekani vizuri. Tumia ncha za vidole. Pumu ya ngozi, yaani ukurutu, utaihisi kama msasa kwenye mashavu, kichwani na mikononi, na rangi huwa ya kijivu au nyeusi zaidi kuliko ngozi ya jirani. Ukurutu mkali ulioanza mapema na haupoi kwa mafuta, ukiambatana na dalili za tumbo, una uzito kuliko dalili moja. Kisha fungua kadi ya kliniki: katika miezi 3 ya kwanza mtoto huongezeka takriban gramu 150 hadi 200 kwa wiki. Mstari ukilala au kushuka, usingoje tarehe ya kliniki.

Mtoto anayenyonya tu anaweza pia kudhurika, ingawa si jambo la kawaida, kwa sababu protini kidogo ya chakula cha mama hupita kwenye maziwa yake. Na chakula cha mzazi huku kwetu kimejaa maziwa: kitawa, loshoro, chai ya maziwa asubuhi na jioni, uji uliotiwa maziwa ya unga. Mtori wa ndizi na nyama hauna shida mpaka utiwe maziwa au siagi, kwa hiyo ongea na mama mkwe mapema kabla sufuria haijaondoka jikoni. Mikate, keki na biskuti nazo soma pakiti: maziwa ya unga, whey na kazeini vyote ni maziwa.

Ukishauriana na daktari na mkakubaliana kujaribu, mama anaacha maziwa yote kwa wiki 2 hadi 4, huku akiendelea kunyonyesha. Kuacha nusunusu hakutoi jibu. Mama mwenyewe anahitaji takriban miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, kwa hiyo ale dagaa pamoja na mifupa, ufuta, maharage na mboga za majani, na aulizie vidonge. Dalili zikitulia, maziwa yanarudishwa kwa wiki moja. Hatua hii wengi huiruka, na ni kosa, kwa sababu huenda mtoto angetulia tu kwa umri. Zikirudi, umepata jibu. Kwa aleji ya haraka, au mtoto aliyewahi kulegea, usirudishe nyumbani. Hilo ni la hospitali. Kipimo cha damu au cha ngozi husaidia kwa aleji ya haraka tu, hakioni ile ya kuchelewa.

Anayetumia maziwa ya kopo anahitaji yale ambayo protini yake imevunjwavunjwa sana, kwa maelekezo ya daktari. Ni ghali na hayako kila duka la dawa, na hiyo ni sababu nyingine ya kutokatisha ziwa. Maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa kwa maji si mbadala kwa mtoto wa chini ya mwaka 1, awe na aleji au asiwe nayo: yana madini chuma kidogo na yanaweza kukwaruza utumbo ukavuja damu.

Jambo moja tunaliomba kwa nguvu zote. Mtoto anayetapika na kuhara asipelekwe kung'olewa "meno ya plastiki" wala kukatwa kimeo. Kinachong'olewa ni chipukizi la jino lake halisi, na watoto wamepoteza damu nyingi na kupata maambukizi kwa jambo hilo.

Chanjo ziendelee kama kawaida, na ukimuona daktari nenda na kadi, picha za choo ulizopiga kwa simu, na daftari lenye saa za kunyonya, vyakula ulivyokula na saa dalili zilipoanza. Aleji ikithibitishwa, maziwa hujaribiwa tena mtoto akifika miezi 9 hadi 12, au baada ya miezi 6 bila maziwa. Walio wengi huipita kabla ya kuanza shule.