Jiwe la Figo Kuvunjwa na Jiwe Kuisha ni Mambo Mawili

Ilikuwa Oktoba 2022, saa tano asubuhi. Nilikuwa nafundisha desimali darasa la sita, jua la Bahi, huku kwetu Dodoma, limeshakuwa kali, maumivu yakanishika ubavu wa kushoto. Yalianzia mgongoni chini ya mbavu, yakashuka hadi kinenani. Yakaja, yakapoa, yakarudi kwa nguvu zaidi. Nikatapika dirishani mbele ya watoto. Kabla ya hapo nilishakunywa dawa za UTI mara tatu mwaka huohuo, na jirani yangu wa Nkuhungu, kwa upendo wake, alinichemshia mizizi ya chango. Figo hakuna aliyeiwaza.

Ultrasaundi ndiyo iliyofumbua macho: figo ya kushoto ilikuwa imejaa maji kidogo. Kipimo cha CT, yaani eksirei inayopiga picha za mwili vipande vipande, kikaonyesha mawe mawili. Moja la milimita 4 lilikuwa limeshaingia kwenye mrija unaotoa mkojo figoni kwenda kibofuni, na hilo dogo ndilo lililokuwa linanitesa. La pili, la milimita 11, lilikuwa limetulia kwenye kona ya chini ya figo, halina kelele yoyote. Nasisitiza CT kwa sababu ultrasaundi, hasa jiwe likiwa kwenye mrija, hukosa mengi. Ukiambiwa ufanyiwe chochote cha kuvunja jiwe, uliza kwanza kama vipimo vyako vinaonyesha ukubwa wake, mahali lilipo na ugumu wake. Matokeo ya tiba hutegemea hayo matatu kuliko unavyodhani.

Lile dogo lilitoka lenyewe. Mawe ya chini ya milimita 5 mengi hutoka yenyewe, mtu akipewa dawa ya maumivu na muda. Daktari alinituma nichuje mkojo. Nikatenga chujio la chai, nikaliweka juu ya kikopo, na kwa siku tisa kila nilipokwenda chooni nilichuja. Siku ya tisa nikasikia kitu kimegonga waya. Kilikuwa cha rangi ya kahawia, kina ncha kama mbegu ya mbigili, kidogo kuliko punje ya mtama. Nilikaa nacho kiganjani muda mrefu, siamini kwamba ndicho kilichonilaza sakafuni. Nikakipeleka maabara kwenye kichupa cha dawa. Jibu likawa kalsiamu oksaleti, aina iliyo ya kawaida kuliko zote.

Hapo niseme neno kuhusu dawa za kuyeyusha mawe zinazouzwa stendi na kwenye magari ya matangazo. Mawe ya asidi ya yuriki yanaweza kuyeyushwa kwa dawa za hospitali zinazopunguza ukali wa mkojo. Mawe ya kalsiamu oksaleti, kama yangu, hayayeyuki kwa kinywaji chochote. Nimeona watu wakipoteza mwaka mzima kwenye chupa hizo huku figo ikiendelea kujaa maji. Inaniumiza sana kuona hivyo.

Jiwe kubwa nilikwenda kulitibu mkoa mwingine, kwa kuwa nilikuwa na dada yangu huko wa kunihudumia. Walitumia mawimbi mshtuko. Unalala juu ya kitanda, mashine inapiga mawimbi kutoka nje ya mwili, yanapita kwenye ngozi bila kuikata na kwenda kulivunja jiwe. Teknolojia hii ilitumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza München, Ujerumani, mwaka 1980. Kabla yake, mtu mwenye jiwe kama langu alipasuliwa ubavuni mkato mrefu. Mapigo yalikuwa yapata 3,000, nilipewa dawa ya kunituliza, kila pigo linasikika kama mtu anakugonga kwa kidole kilichokunjwa. Nililirudia zoezi hilo baada ya wiki tatu. Kurudia ni kawaida kwa njia hii, usivunjike moyo. Mjamzito hafanyiwi, kwa hiyo kama una shaka sema mapema. Sema pia kama unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi.

Baada ya mara ya pili niliambiwa, "Mwalimu, jiwe limevunjika, nenda nyumbani." Nilifurahi nusura nilie. Nikapanda basi kurudi Dodoma, nikawapigia simu ndugu wote kwamba nimepona. Sikupewa tarehe ya kurudi kupigwa picha, na mimi sikuiomba. Hospitali hiyo sitaitaja. Ila ninachokisema hapa nilikilipia gharama kubwa: kuvunjika kulikuwa kweli, lakini hakuna aliyeangalia kama vipande vimetoka.

Jiwe likiwa kwenye kona ya chini ya figo, vipande vyake hutoka kwa shida hata vikivunjika vizuri. Fikiria mtungi wa maji uliotulia mchanga chini. Ukimimina taratibu, maji yanatoka, mchanga unabaki. Jiwe likiwa gumu sana, au mgonjwa akiwa mnene kiasi kwamba mawimbi yanasafiri mbali kulifikia, matokeo hupungua zaidi. Haya nilielezwa baadaye. Ningeyajua mapema ningeuliza kama kuna njia nyingine inayonifaa zaidi.

Miezi saba baadaye, usiku, maumivu yaleyale yakarudi, safari hii na homa na kutetemeka mpaka kitanda kinalia. Mume wangu alitaka tusubiri kupambazuke. Namshukuru Mungu tulikwenda usiku uleule. Kipande cha milimita 7 kilikuwa kimeziba mrija, na mkojo uliofungiwa juu yake ulikuwa umeingia maambukizi. Naomba ulishike hili hata ukisahau mengine yote: maumivu ya figo pamoja na homa si jambo la kusubiri asubuhi, wala la Panadol. Maambukizi hayo huingia kwenye damu, na mtu anaweza kufa.

Usiku ule hawakugusa jiwe. Waliniwekea stenti, mpira mwembamba laini uliojikunja ncha zote mbili, unaoanzia figoni hadi kibofuni ili mkojo upite. Ikafuata dripu ya antibayotiki. Jiwe lilisubiri wiki tatu hadi mkojo ulipooteshwa maabara ukaonekana safi. Ndipo wakaingia kwa darubini nyembamba kupitia njia ya mkojo, mimi nikiwa kwenye nusu kaputi, wakalisaga kwa leza na kuvitoa vipande. Hakuna mshono hata mmoja. Kwa ujumla darubini na leza humaliza jiwe kwa safari moja mara nyingi zaidi kuliko mawimbi, na mawimbi yana madhara machache zaidi. Kwa hiyo hakuna njia iliyo bora kwa kila mtu, na jirani yako kupona kwa moja hakukuhusu sana.

Stenti waliniachia wiki mbili nyingine. Wengi hawaambiwi inavyokuwa, nami sikuambiwa: ukikojoa unasikia maumivu yanapanda mpaka figoni, haja ndogo inakubana kila mara, na ukitembea sana mkojo unakuwa mwekundu. Kwangu yote yaliisha siku ilipotolewa. Andika tarehe ya kuitoa kwenye kalenda ya ukutani, mwambie na mtu wa nyumbani. Stenti ikisahaulika miezi mingi hujijengea mawe yenyewe, na kuitoa kunageuka upasuaji mwingine. Uliza pia kama bima yako inalipia kuitoa, maana hiyo ni safari nyingine.

Baada ya miezi mitatu nilipigwa picha. Nilimuuliza daktari wa Dodoma maneno ambayo sasa nawafundisha wote: "Kimebaki kitu? Cha milimita ngapi? Kipo wapi?" Akanigeuzia skrini, akasema hakuna kitu. Hapo ndipo niliposema nimepona.

Kaka yangu wa Kongwa alipopatikana na jiwe la milimita 28 mwaka jana, nilikwenda naye. Jiwe linalozidi milimita 20 kwa kawaida hutolewa kwa kupita tundu dogo mgongoni, njia iliyoanzia Sweden mwaka 1976. Kwa mawe makubwa husafisha vizuri kuliko njia zile mbili nilizopitia, lakini ina hatari kubwa zaidi ya kutoka damu, kwa hiyo tulihakikisha damu ipo. Alilala wodini siku nne, mkojo ukiwa mwekundu siku mbili za mwanzo. Kovu lake linafunikwa na ncha ya kidole gumba. Aliogopa mno kabla, akaniambia, "Mdogo wangu, mambo ya figo ni ya Muhimbili." Nikamkumbusha kwamba Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma inapandikiza figo tangu 2018.

Kuhusu kujirudia: mtu aliyepata jiwe mara moja, asipobadili kitu, ana uwezekano mkubwa wa kupata jingine ndani ya miaka kumi. Huku kwetu watu wanalaumu chumvi ya maji ya visima. Kwangu naona chumvi ile ilinidhuru kwa njia nyingine, maana ilinifanya nisiyapende maji. Nilikuwa naondoka nyumbani na kikombe kimoja cha chai tumboni, nafundisha kwenye jua na upepo mkavu hadi saa nane, na choo cha walimu kiko mbali. Lengo unalopewa ni mkojo wa lita 2.5 kwa siku, na kwa joto la Dodoma lazima unywe zaidi ya hapo. Nina chupa ya lita moja na nusu mezani, nimeichora mistari kwa kalamu ya wino mzito: mstari wa kwanza kabla ya mapumziko ya chai, wa pili kabla ya kengele ya mchana. Jioni nakunywa nyingine. Chumvi ya mezani nimepunguza. Maziwa sijaacha, kwa sababu kalsiamu ya chakula hushikana na oksaleti tumboni kabla haijafika figoni. Mchicha na karanga nakula, ila kwa kiasi, na huwa natia maziwa kwenye mchicha.

Picha ya kaka ilionyesha kipande cha milimita 3 kimebaki. Daktari alimwambia wazi, akampa tarehe ya miezi sita. Tarehe hiyo ni mwezi ujao. Nimeshaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, na chujio lake la chai ninalo mimi.