Kabla ya kugusa faili za WooCommerce, tafuta filta

Mteja akikwambia "hapo kwenye fomu ya malipo toa hiki, weka kile", mkono unawasha kufungua faili za WooCommerce, plagini (programu-jalizi) inayoongeza duka kwenye tovuti ya WordPress, na kufuta mstari. Fomu itabadilika na mteja atalipa. Shida huja siku ya kusasisha: faili mpya zinaandikwa juu ya zile za zamani, na kazi yako inakwenda nazo.

Niliwahi kukabidhiwa tovuti ya duka la simu la Luthuli Avenue. Fundi aliyenitangulia alikuwa amefuta kisanduku cha msimbo wa posta ndani ya faili za WooCommerce zenyewe. Plagini iliposasishwa kisanduku kikarudi, na wateja wakawa wanajaza 00100 hata walio Rongai, mradi fomu ipite. Lakini mtu wa boda anayepeleka simu Umoja au Pipeline ana haja gani na msimbo wa posta? Anataka jina la jengo, ghorofa ya ngapi, na ni karibu na nini: stage, kanisa, duka la dawa. Hilo ndilo fomu ilipaswa kuuliza.

WordPress imeacha mlango wa kazi kama hii tangu miaka yake ya mwanzo. Kabla ya kutumia data fulani, husimama mahali penye jina, huikabidhi kwa yeyote aliyejiandikisha hapo, kisha huendelea na kile ilichorudishiwa. Hiyo ndiyo filta. Kwa duka lile niliandika hivi:

```
add_filter( 'woocommerce_default_address_fields', 'duka_anwani', 20 );

function duka_anwani( $sehemu ) {
    unset( $sehemu['postcode'] );
    $sehemu['address_1']['label'] = 'Mtaa, jengo na alama ya karibu';
    return $sehemu;
}
```

Usiisahau ile `return` inayorudisha data. Bila hiyo, WooCommerce inabaki mikono mitupu. Ukifanya hivyo kwenye `the_content`, filta ya maandishi ya makala, makala zote zitatoka tupu bila hata ujumbe wa kosa, na utakesha ukilaumu seva bure. Wala usiweke `echo`, amri ya kuchapisha maandishi papo hapo, humo. Maandishi yatachomoza mahali pasipo pake.

Namba 20 ni zamu. Usipoiandika inakuwa 10, na namba ndogo hutangulia. Niliiweka 20 ili plagini nyingine zinazogusa anwani zimalize kwanza. Ukitaka kuondoa filta ya mwingine kwa `remove_filter`, taja namba ileile aliyoiwekea, la sivyo haitoki.

Mafunzo mengi yatakuelekeza kwenye filta nyingine, `woocommerce_checkout_fields`. Inafaa kwa mambo mengi, ila si kwa lebo za anwani. Hizo WooCommerce huzipanga upya kwa JavaScript kulingana na nchi aliyochagua mteja, kwa hiyo unaona maneno yako kidogo tu, mara yanarudi yale ya mwanzo.

Msimbo wenyewe ukae wapi? Themu mtoto (themu ndogo inayorithi themu kuu) inatosha kwa mambo ya sura. Fomu ya malipo ni biashara, na mwenye duka akibadilisha themu anwani zake zisivurugike. Mimi huweka faili ya PHP moja kwa moja ndani ya `wp-content/mu-plugins` (isiwe ndani ya folda nyingine humo, haitasomwa). Hujipakia yenyewe na haina kitufe cha kuizima kwenye dashibodi, jambo ninalolipenda kwa sababu wateja wangu hubonyeza kila wanachokiona.

Angalia pia ukurasa wa malipo umejengwaje kabla hujaandika chochote. Ukikuta shotikodi (neno la mkato ndani ya mabano) `[woocommerce_checkout]`, endelea. Ukikuta bloku (vipande vya kihariri kipya cha WordPress), kama ilivyo kwa maduka mengi mapya, filta nyingi za fomu ya zamani hazitafanya kazi hapo. Kwa duka lile nilirudisha shotikodi, nikajaribu kwenye nakala ya tovuti kwanza, ndipo nikaipandisha.