Anko Dadu Anajibu: Meli ya Tarishi Ina Haraka Kiasi Gani?

Toleo lililopita tuligusia kidogo meli za matarishi kwenye Traveller, ile gemu ya kuigiza ya anga za mbali iliyotoka Marekani mwaka 1977, nikadhani itasomwa na watu watatu. Kumbe mpo wengi na mna hasira. Kwa mgeni tu: refa ndo anayeongoza mchezo, mruko ni kuchupa kutoka nyota hadi nyota, na namba yake ni paseki ngapi unaruka kwa mara moja (paseki ni kipimo cha umbali kati ya nyota), na G ni nguvu ya injini ya kawaida ya kuongeza mwendo. Haya tuanze.

Shikamoo anko. Kundi letu tunacheza Jumamosi hapa Tanga. Nimechora meli yangu ya tarishi, tani 100, mruko-6, injini ya G 6, vyumba vinne na makombora, nimeiita Hudihudi. Refa kaikataa hata hajamaliza kuisoma. Naona ananibania tu. Nisaidie. (Rubani wa Tanga)

Marahaba rubani. Kwanza jina nimelipenda sana, ndege aliyempelekea Nabii Suleiman habari za Saba, kwa meli ya tarishi huwezi kupata jina zuri kuliko hilo. Ila refa hajakubania mdogo wangu, hesabu ndo imekubania.

Tani za Traveller sio uzito, ni nafasi. Tani moja ni nafasi inayochukuliwa na tani ya haidrojeni ya kimiminika, kama mita za ujazo 14 hivi, sasa ukisema meli ya tani 100 unasema una nafasi 100 za kugawa na kila kitu lazima kikae humo, injini, mafuta, vyumba, mpaka choo. Mruko unakula mafuta asilimia 10 ya bodi kwa kila paseki, yaani mruko-6 ushakula tani 60 hapohapo. Halafu kwa sheria za zamani jenereta nayo inataka tani 10 za mafuta kwa kila namba yake, na kwa mruko-6 na G 6 yako lazima nayo iwe 6, kwahiyo 60 nyingine. Jumla 120 kwenye bodi ya 100 na bado hujamweka rubani wala injini yenyewe. Ndo maana refa hakumaliza kusoma, mimi ningeishia mstari wa pili.

Angalia meli ya kawaida ya skauti (wapelelezi wa anga wa kwenye gemu), ambayo ndo tarishi wa watu wa chini, ya tani 100 hizohizo. Mruko-2, G 2. Mafuta tani 40, chumba cha rubani 20, injini zote na jenereta 15, vyumba vinne vya kulala 16, kigari cha kuelea 4, kompyuta 1, sehemu ya kufunga silaha 1, inabaki 3 za mzigo. Jumlisha mwenyewe, inafika 100 kamili, hakuna hata pa kuficha kreti ya soda.

Sasa hiyo G 6 ndo inayonisumbua kabisa maana naona wengi mnaipenda. Kabla ya kuruka unatakiwa utoke mbali na sayari, vipenyo vyake 100. Dunia yetu kipenyo ni kilomita 12,742, kwahiyo unaenda kama kilomita milioni 1.27. Ukiongeza mwendo nusu ya njia na kupunguza nusu iliyobaki, kwa G 1 utatumia kama masaa 6 na robo, kwa G 2 masaa 4 na nusu hivi, kwa G 6 masaa 2 na nusu. Halafu unaingia kwenye mruko unakaa WIKI NZIMA, na wiki ni ileile uwe umeruka paseki moja au sita. Yaani umelipa mamilioni ya kredit (pesa ya kwenye gemu) na nafasi yote hiyo ili uokoe masaa manne kwenye wiki ya masaa 168! G 6 ni ya kukimbia maharamia au kupigana, sio ya kufikisha barua.

Haraka ya tarishi iko kwenye namba ya mruko na kwenye kutosubiri, basi. Waliotunga gemu walilijua hilo vizuri, ndo wakatengeneza meli ya X-boti, tani 100, mruko-4, mtu mmoja ndani, na HAINA injini ya mwendo kabisa. Ikitokea kwenye mfumo wa nyota inabaki inaelea tu palepale, inarusha ujumbe wake kwa redio kwenda kituoni, na pale kituoni kuna X-boti nyingine imejaa mafuta na rubani wake kashakaa anasubiri, inapokea ujumbe na kuruka. Ile ya kwanza inakuja kuokotwa baadae na meli mama ya tani 1,000, inajazwa mafuta kwa zamu yake. Ni mbio za kupokezana vijiti, ujumbe haupumziki ila meli na rubani wanapumzika. (Mashabiki wanabishana mpaka leo kama vipimo vya X-boti vinakaa sawa kwenye sheria zenyewe, usiniingize huko.)

Kwahiyo fanya hivi. Hudihudi ipe mruko-4, G 1, chumba kimoja cha kulala, toa makombora yote, chora kwa sheria za matoleo mapya ambazo zimepunguza sana mafuta ya jenereta, utaona inakaa na kanafasi ka mzigo kanabaki. Mpelekee refa na soda.

Anko mambo, mi niko Mombasa. Swali langu ni moja, hawa watu wa miaka elfu mbele wana meli za nyota halafu bado wanatuma barua kwa mkono?? Si watume tu meseji kwa redio? (Mbishi wa Kisauni)

Poa mbishi. Tuma basi, nani kakukataza, ila usisubiri jibu. Redio inaenda kwa mwendo wa mwanga, kilomita kama 300,000 kwa sekunde. Hapa mpaka mwezini ni sekunde 1.3, sawa, mtaongea vizuri tu. Mars ni kati ya dakika 3 na 22 kutegemea iko upande gani wa jua, hapo maongezi yashakufa. Chombo cha Voyager 1 kilirushwa mwaka huohuo 1977 gemu ilipotoka, kimekuwa kinakimbia tangu hapo, na sasa hivi meseji yake inachukua zaidi ya masaa 22 kutufikia, na bado hakijafika nyota yoyote. Nyota ya jirani kabisa, Proxima Centauri, ni miaka 4.2. Paseki moja ni miaka nuru 3.26, sasa X-boti inaruka paseki nne kwa wiki moja wakati redio yako ingetumia miaka 13. Ndani ya mfumo mmoja watu wanaongea kwa redio kama kawaida, kutoka nyota hadi nyota hakuna kitu kinachoipita meli. Sheria hiyo ukiitoa gemu yote inabadilika, maana mfalme atakuwa anampigia gavana simu kila asubuhi.

Huyo rubani wa X-boti anafanya nini wiki nzima peke yake? (Msomaji, Iringa)

Analala, anasoma, anakagua mitambo, anapika. Ndani ya mruko huwasiliani na mtu na hakuna kitu cha kukwepa. Kwenye gemu tunapitisha hiyo wiki kwa sentensi moja, labda refa wako awe mkatili.

Kaka Dadu, wahusika wa wachezaji wangu wamestaafu uskauti wakapewa meli ya skauti ya mkopo, wanapeleka vifurushi, wameanza kuboreka. Kupeleka barua kuna stori gani? (Refa, Dodoma)

Refa mwenzangu, kama wamefika kustaafu washukuru Mungu, maana kwenye toleo la kwanza skauti alikuwa anaweza kufa hata kabla gemu haijaanza, wakati bado unamtengeneza huyo mhusika wako!

Tatizo lako unawapa vifurushi. Wape habari. Habari inayosafiri wiki kwa wiki maana yake kuna sehemu watu wanaishi na dunia ya juzi. Chukua mfano wa hapahapa kwetu. Vita ya Kwanza ya Dunia ilisimama Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, lakini Lettow-Vorbeck na jeshi lake la Wajerumani na askari wa Kiafrika walikuwa porini upande wa Kasama, Zambia ya leo, bado wanapigana, habari zikamfikia siku kadhaa baadae na akasalimisha silaha Abercorn, sasa Mbala, tarehe 25. Wiki mbili nzima baada ya vita kwisha.

Haya, wachezaji wako ndo wamebeba habari kama ile. Nani anataka ifike? Kuna kamanda anayetaka vita iendelee siku tatu zaidi ili ateke mji. Kuna mfanyabiashara kanunua silaha nyingi na bei itaanguka ikijulikana, huyo atalipa vizuri sana tarishi achelewe kidogo tu, hamwambii aharibu barua, anamwambia "pumzikeni siku mbili, hoteli nalipa mimi". Na meli yao ni mruko-2, kwahiyo kuna mwenye mruko-4 nyuma yao anayeweza kuwapita njiani wasijue. Usiwaambie kilichomo kwenye bahasha mpaka mtu wa tatu aombe kuinunua.

Dadu za hii gemu zinauzwa wapi? Nasikia ni za ajabu ajabu. (Mwanafunzi, Kigoma)

Hapana mwanangu, hizo za ajabu ni za gemu nyingine. Traveller inatumia dadu mbili za kawaida za pande sita, unarusha unajumlisha, mara nyingi ukipata 8 au zaidi umefaulu. Chomoa za kwenye ludo ya nyumbani, ila uzirudishe.