Kilo nne zilizorudi baada ya sikukuu: usijiadhibu, rudi kwenye sahani yako ya kawaida

Dada yangu, pole kwa yaliyokupata. Umeeleza kwamba ulianza ukiwa na kilo 92, ukafika 81 kwa jitihada ya miezi tisa, kisha ukaenda kwenu kwa sikukuu, ukaugua ukiwa huko, na uliporudi mizani ikasoma 85. Tangu siku hiyo hujapima tena wala hujatoka kutembea, na unauliza utapata wapi moyo wa kuanza upya. Nakujibu kwa yale yaliyonipata mimi mwenyewe, kwa sababu nimepita njia hiyo hiyo, na kosa nililolifanya mimi ningependa sana wewe uliepuke.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Januari 2022 nilikuwa na kilo 96, nikaamua kupungua baada ya kumuuguza mama yangu mwenye kisukari na kuona kidonda kidogo cha mguuni kinavyoweza kukaa miezi bila kufunga. Kufikia Septemba nilikuwa na kilo 83. Oktoba mama yangu mdogo, ambaye ndiye aliyenilea utotoni, akafariki huko Muheza, nami nikakaa msibani majuma matatu. Asubuhi ilikuwa chai ya maziwa yenye sukari na maandazi, mchana wali wa nazi na maharage, usiku chochote kilicholetwa na majirani, na siku nzima mtu umekaa mkekani. Shangazi zangu walinitazama mashavu wakasema, "Mbona umekonda hivyo mwanangu, huko Morogoro unaumwa?" huku wakiniongezea upawa mwingine wa wali, na sikuona sababu ya kumkatalia sahani mtu aliyefiwa kama mimi. Hilo silijutii hata leo.

Niliporudi mizani ilisoma 88.4. Nilichokifanya baada ya hapo ndicho kilichoniangusha. Nilikusudia kulipa majuma matatu kwa juma moja: nikaacha kifungua kinywa, nikaacha ugali kabisa, nikawa ninakula mlo mmoja wa mchicha na yai, na kutembea asubuhi na jioni. Siku ya tano nilikuwa mbele ya kidato cha tatu, chaki mkononi, maandishi ubaoni yakaanza kunizunguka machoni, nikalazimika kushika meza nisianguke. Usiku huo, nyumba nzima ikiwa imelala, nilisimama jikoni bila kuwasha taa nikala maandazi sita yaliyokuwa yamefunikwa kwa kawa kwa ajili ya chai ya watoto. Kesho yake niliisukuma mizani chini ya kitanda, na nikaacha kila kitu. Mwishoni mwa Januari zipu ya sketi yangu ya kazini ilikataa kupanda, nikaitoa mizani ile, nikakuta 91.

Nimeifikiria sana hesabu hiyo. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takriban kalori 7,700. Ili zile kilo 5.4 za msibani ziwe mafuta matupu, ningepaswa kula karibu kalori 2,000 za ziada kila siku kwa siku 21, yaani kama chapati saba za mafuta kila siku baada ya kushiba milo yote mitatu. Nilikula sana, lakini si kiasi hicho. Sehemu kubwa ilikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na takriban gramu tatu za maji. Chumvi nayo huzuia maji mengine mwilini. Mtu aliyekuwa akila wanga kidogo akirudia wali, mikate na vyakula vyenye chumvi, mizani inaweza kupanda kilo mbili au tatu kwa siku chache tu. Kwa hiyo, dada yangu, hizo kilo nne zako zinawezekana kabisa kuwa chini ya nne ukianza tu kula kama ulivyozoea. Zile nilizoziongeza mimi baada ya kuificha mizani, kwa muda wa zaidi ya miezi miwili ya kula bila kuangalia, hizo ndizo zilizokuwa mafuta ya kweli, na ndizo zilizonichukua muda mrefu zaidi kuziondoa.

Wanasaikolojia Janet Polivy na Peter Herman wa Chuo Kikuu cha Toronto wameichunguza hali hii kwa miaka mingi: mtu anayejizuia sana katika kula, akishaona kwamba siku yake imekwisha kuharibika, huelekea kula zaidi ya mtu ambaye hakujiwekea masharti yoyote. Nilipolisoma hilo niliyakumbuka yale maandazi sita. Vilevile, utafiti uliofanyika Melbourne, Australia, na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mwaka mzima baada ya watu kupungua, homoni zinazoleta njaa na zile zinazoleta shibe zilikuwa bado hazijarudi zilivyokuwa mwanzo. Mwili ulikuwa bado unadai chakula. Njaa unayoihisi sasa ina sababu ndani ya mwili wako, na usikubali mtu yeyote akuambie kwamba ni ulafi.

Kilichonirudisha mimi ni jirani yangu, mama mmoja anayeuza mboga. Alikuwa akiniona nikipita zamani, akaona nimetoweka. Alfajiri moja ya Februari, saa kumi na moja na nusu, alibisha mlangoni na kusema, "Mwalimu, viatu viko wapi? Twende hadi pale kwenye mwembe, turudi." Nikamwambia nimenenepa tena na naona aibu kupita barabarani. Akajibu kwamba mwembe hautupimi. Tulikwenda, tukarudi, ilikuwa dakika 20 zote pamoja. Kesho yake akabisha tena. Kwa majuma mawili sikubadilisha kitu kingine chochote katika maisha yangu isipokuwa safari hiyo ya mwembeni, na nadhani udogo wake ndio uliofanya nisiikimbie. Ningekwambia uchague jambo moja la namna hiyo, dogo kiasi kwamba hata ukiwa umechoka utalifanya, na kama unaweza kumpata mtu wa kukubishia mlango, hilo ni bora zaidi.

Juma la tatu nilirudisha sahani yangu ya zamani, ile iliyonifikisha 83: nusu yake matembele au mchicha, robo samaki, dagaa au maharage, na ugali wa dona uliolingana na ngumi yangu. Ugali niliurudisha makusudi, maana bila huo sikushiba, na nisiposhiba mchana nilijua usiku nitafungua kawa. Chai nilibaki nayo, sukari nikaipunguza kidogo kidogo. Sikupika chungu changu peke yangu. Nyumba nzima tulikula kilekile.

Kuhusu mizani, itoe. Mimi hupima kila Ijumaa asubuhi kabla ya chai na kuandika namba kwenye daftari la mistari, iwe nzuri au mbaya, bila maelezo. Siiangalii Ijumaa moja, hulinganisha nne. Kiuno nakipima kwa futi ya fundi cherehani mara moja kwa mwezi, kwa sababu kuna miezi ambayo mizani haisogei kabisa huku kiuno kikipungua. Kutoka 91 ilinichukua hadi Agosti 2023 kurudi 83, na mwisho wa mwaka huo nilikuwa na kilo 80.

Sasa tazama ulichobaki nacho, ambacho naona umekisahau. Kutoka 92 hadi 85 bado umepungua kilo 7, ambazo ni zaidi ya asilimia 7 ya uzito wako wa mwanzo. Katika utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliochapishwa Marekani mwaka 2002, watu wenye sukari iliyopanda lakini ambao bado hawakuwa na ugonjwa waliwekewa lengo la kupungua asilimia 7 na kutembea dakika 150 kwa juma, na hatari yao ya kupata kisukari ikapungua kwa asilimia 58. Hapo ulipo leo, ukiwa unajiona umeshindwa, ndipo wenzetu wale waliambiwa wafike.

Jambo moja la pembeni: kama uzito uliongezeka ghafla bila chakula kubadilika, au miguu inavimba na pumzi inakata, nenda ukaonane na daktari kwanza. Mweleze pia dawa ulizopewa ulipougua, na kama unatumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, kwa sababu baadhi ya wanawake huongezeka uzito wakiitumia.

Mwaka jana nilikwenda tena Muheza, safari hii kwenye harusi ya binamu yangu. Nilikaa siku tisa, nikala pilau pamoja na watu wangu, na viatu vya kutembelea vilikuwa kwenye begi. Alfajiri tatu nilivivaa, sita sikuvivaa. Niliporudi, Ijumaa ilisoma kilo 1.9 zaidi. Nikaiandika kwenye daftari, nikaweka maji ya chai jikoni, na mlango ukabishwa.