Fundi wa Nyuzi Anajibu

SWALI: Shikamoo fundi. Kila nikibadilisha pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) za gitaa langu la umeme, Les Paul, nalehemu upya nyuma ya kitufe cha sauti, na sasa kinakwaruza. Hakuna njia rahisi? – Mpiga solo, Morogoro

JIBU: Marahaba. Kitufe umekiunguza, nunua kipya cha kilo-omu 500. Kilehemu mara moja tu: toa nyaya fupi hadi kwenye konekta ndogo ya skrubu, ile ya mafundi umeme wa majumbani. Baada ya hapo, pikapu ni kazi ya bisibisi.

Balaa liko kwenye rangi za nyaya, kila kampuni ina zake. Pikapu ya Seymour Duncan ya nyaya nne: mweusi ndio wa sauti, kijani na ule mtupu usio na ganda ni ardhi (earth), mwekundu na mweupe unaviringisha pamoja. DiMarzio: mwekundu ndio wa sauti, mweusi na mweupe ndio wa kuviringishwa pamoja. Niliwahi kuzichanganya (ujana!), gitaa la mteja likalia kama redio yenye betri zilizochoka.

Kabla hujarudisha nyuzi, chomeka kwenye ampu, sauti chini, ugonge pikapu kwa ncha ya bisibisi. Ukisikia “tok”, funga.